Ooko wa Kuazima

Kando ya barabara ya Kondele, Kisumu, mahali boda boda hupinda kuingia sokoni, kuna benchi refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Upande huu nakaa mimi na viatu vya watu, maana mimi ni fundi viatu, na jina langu la Oluoch hata mke wangu ameanza kulisahau. Ni Fundi tu. Upande ule Yahya ana jiko la makaa na birika lake la kahawa ya tangawizi. Katikati yetu Seline huweka beseni la mayai ya kuchemsha na bakuli la kachumbari. Wateja wengine huja na kwenda, lakini wawili hawaendi popote. Wa kwanza ni Oyugi, aliyekuwa karani wa baraza la mji miaka hiyo. Tunamwita Waziri kwa sababu hakuna jambo la serikali asilolijua. Wa pili ni Dalmas, bawabu wa hilo duka, tunamwita Jenerali. Jenerali hajawahi kuwa mwanajeshi. Alienda kuandikishwa mara tatu akiwa kijana, na mara tatu akarudishwa kwa sababu ya nyayo bapa. Mpaka leo, na miaka yake hamsini na nne, lori la jeshi likipita husimama wima mpaka lipotee. Alhamisi ninayoisimulia, saa kumi alasiri, alikuwa amesimama muda mrefu. Malori yalikuwa matano.

— Matano, — alisema akikaa tena. — Yametoka ziwani, yanaenda Mamboleo kambini kwao. Wakianza kukusanya malori hivyo, jua kesho asubuhi hawako.

Seline aliacha yai alilokuwa akimenya likiwa nusu.

— Wanaondoka?

— Mama, jeshi haiagi mtu. Unaamka tu unapata nyasi imelala mahali hema zilikuwa.

— Na wewe umejulia wapi? — Waziri akamuuliza. — Si wewe unachunga misumari?

— Bawabu pia ni usalama wa taifa.

Tulicheka. Yahya alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye makaa. Seline hakucheka, lakini wakati huo sikulitilia maanani.

Wiki ya tatu ilikuwa inaisha tangu ziwa lipande likaingia mashambani kule Kadibo, likachukua mihogo, likachukua kuku, likasimama ndani ya nyumba za watu kama mgeni asiyejua saa za kuondoka. Na kwa wiki hizo tatu Waziri alikuwa na swali moja tu.

— Mimi bado nauliza, na hakuna mtu amenijibu. Maji imepanda, sawa. Kuna chifu. Kuna watu ya kaunti. Kuna polisi, kuna Msalaba Mwekundu. Hao wote kazi yao ni gani? Jeshi ni ya mpaka. Mtu akivuka mpaka na bunduki, hapo waende. Lakini maji imevuka mpaka gani?

— Imevuka kizingiti cha mlango, — alisema Yahya.

— Hiyo ni kazi ya kaunti.

— Katiba imeruhusu, — nikasema mimi, nikiwa na msumari mdomoni.

— Fundi, katiba naijua kuliko hiyo soli unashona. Imesema jeshi itasaidia wengine wakati wa janga, halafu bunge iambiwe. Nani ameambiwa? Yahya, umeambiwa?

— Mimi si bunge.

— Hapa ndiyo bunge!

Akavuta kikombe chake karibu, akashusha sauti kama mtu anayetaka kusikika na kila mtu.

— Sasa mimi nawaambia kitu. Mliona zile boti zao? Nyuma kuna mtambo mkubwa, si ndiyo? Mnafikiri ile ni injini.

— Si ni injini?

— Ile ni kipimo. Wanapima ziwa. Wanataka kujua ni ndoo ngapi iko pale. Wakishajua, wanachimba mfereji kutoka hapa mpaka Turkana, kule kwa jua, na hii maji yote inaenda. Mtaamka asubuhi, ufuo wa Dunga ni uwanja wa mpira.

— Mpaka Turkana? — nikauliza. — Na ile milima?

— Wako na mainjinia.

— Waziri, unawaharibu watu, — alisema Jenerali. — Si mfereji. Ni nyambizi.

— Nyambizi gani?

— Ya chini ya maji. Niulize swali moja. Yale magugu ya ziwani, leo yako Dunga, kesho yako Homa Bay. Kisiwa mzima, na majani yake na ndege wake. Nani anasukuma?

— Upepo.

— Upepo gani, omera? Upepo inashindwa na shati ya Yahya pale kwa kamba! Kuna kitu chini. Magugu ni nguo ya kujificha tu. Jeshi imekuja kubadilisha zamu.

— Ndiyo maana mbuta wamepungua, — Waziri akakubali mara moja, akasahau mfereji wake. — Samaki hapendi kelele ya chuma. Wamehama. Wengine wamepanda mto Nyando mpaka milimani, na huko wakulima wanawapata kwa mashamba ya miwa.

— Wakiwa hai?

— Wakiwa wamechoka.

Yahya alikuwa ameshika mbavu. Mimi nilikuwa nimetema msumari nisije nikaumeza. Hapo ndipo Seline alipoliweka bakuli la kachumbari chini kwa kishindo.

— Nyamazeni.

Miaka ishirini ameuza mayai hapo, hajawahi kutuambia neno hilo. Yahya aliachia mbavu zake.

— Nyinyi mnaongea boti. Mimi hiyo boti nimeiona. Nimeona imebeba nini.

Lazima niseme tulichokuwa tukijua. Tulijua Seline ana mtoto mmoja, Ooko, na kwamba Ooko ni mwanajeshi. Aliondoka miaka mitano iliyopita, na sasa yuko mpakani, mahali asiporuhusiwa kupataja kwenye simu. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Tulijua kwa sababu kila Jumatatu Seline alitusimulia: Ooko amesema kule kuna baridi, Ooko amesema wamepewa mpishi mpya, hajui ugali. Halafu ikafika Jumatatu moja hakusema kitu. Ikafika ya pili. Jumatatu saba zilikuwa zimepita, na sisi wenye maneno mengi hivi hakuna aliyekuwa ameuliza.

Tulijua pia kwamba boma la mama mkwe wake, Dani Ajwang, yaani Bibi Ajwang, liko Kadibo kando ya ziwa, na kwamba ajuza huyo ametolewa majini na sasa analala kwenye darasa la shule ya msingi pamoja na wengine. Jinsi alivyotolewa hatukujua.

— Ooko amelelewa na Dani, — Seline alianza. Hakumtazama yeyote, alitazama beseni. — Baba yake alipokufa mimi nilikuja hapa Kondele kutafuta riziki. Nilimwacha na miaka minne. Huyo mama ndiye alimfundisha kuchunga mbuzi na kupika na kulima. Siku anaenda jeshi, Dani alimsindikiza mpaka barabarani na fimbo yake. Ooko akamwambia, "Dani, usihame. Nitarudi nikupate hapa hapa." Vijana wanasema tu. Lakini yule mzee aliweka hiyo maneno kama mtu ameweka hati ya shamba.

— Sasa maji ikija? — Yahya aliuliza polepole.

— Maji ikija, chifu alifika wa kwanza. Amevua viatu ameshika mkononi. "Mama, toka, ziwa linakuja." Dani anamwambia, "Mimi na ziwa tunajuana tangu niolewe. Litafika kwa choo lirudi." Likafika kwa choo. Halikurudi.

Waziri alitaka kusema kitu. Jenerali akamkanyaga.

— Kesho yake wakaja watu ya kaunti na mtumbwi, wamevaa makoti ya kung'aa. Dani anawauliza, "Nyinyi watoto wa nani?" Kila mmoja akataja baba yake. Anawaambia, "Baba zenu nawajua wote. Hakuna mmoja anajua kuogelea." Wakarudi. Siku ya tatu polisi na Msalaba Mwekundu. Waliongea naye vizuri, siwezi kudanganya. Msichana mmoja alikaa naye juu ya kitanda, maji iko kwa goti, akampima presha, akambembeleza kama saa nzima. Dani akamshika mkono. Akamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, mimi niko na askari wangu mwenyewe. Aliniambia nimngoje. Akija apate maji tu, atajua mimi niko wapi?"

Kwenye jiko la Yahya birika lilikuwa likichemka na hakuna aliyelitoa.

— Na wewe ulikuwa wapi? — nikamuuliza.

— Nilikuwa mlangoni, Fundi. Nilikuwa mlangoni maji hapa. — Akagusa nyonga yake. — Nilimvuta mkono. Yeye akashika nguzo ya nyumba. Mimi nalia, yeye halii. Ananiambia, "Seline, wewe uliondoka. Mimi nilisema nitabaki." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu vile iko.

Boda boda mmoja alisimama akitaka yai. Yahya akampungia mkono aende.

— Siku ya nne jeshi ikafika. Na hapo, Waziri, nikujibu ile swali yako ya wiki tatu. Maji ilikuwa na nguvu, mtumbwi wa kaunti haingepita tena. Boti ya jeshi inapita. Lakini wao hawajui njia. Chifu alikaa mbele kabisa, anaonyesha na kidole: hapa kuna ua wa mtu, hapa kuna kisima, msipite hapa. Bila chifu wangezama kwa kisima cha Mzee Achola. Bila wao chifu angebaki barabarani na viatu mkononi. Polisi alikuwa na orodha ya majina ya walio ndani. Yule msichana wa Msalaba alikuwa na blanketi. Hakuna mtu aliuliza mwenzake kazi yako ni gani.

Waziri aliitikia kwa kichwa taratibu, kama karani aliyepokea barua yake.

— Na mimi wakanipakia. Nyumbani tulimpata Dani amekaa juu ya meza, meza iko juu ya kitanda. Macho yake hayaoni vizuri, anaona kivuli tu. Mwanajeshi mmoja akaingia, kijana, maji kwa kifua. Akainama. Dani akanyoosha mkono akashika ile nguo. Akapapasa kola. Akapapasa kofia. Akasema, "Ooko, isebiro?" Ooko, umefika?

Seline alijifuta uso kwa mkono wenye chumvi ya mayai, akaumia jicho, akacheka kidogo.

— Yule kijana akamwangalia chifu. Chifu akainamisha kichwa, kama kusema ndiyo. Akaniangalia mimi. Na mimi, mama yake Ooko mwenyewe, nikainamisha kichwa. Nikasema ndiyo na mdomo wangu huu. Kijana akamwambia, "Ndiyo, Bibi. Nimefika." Na Kiswahili ile ya pwani! Dani akacheka kwa sauti. "Yawa, jeshi imemnyang'anya Dholuo! Hata kuniamkia hajui." Akapanda mgongoni kwake. Hakuangalia nyuma hata mara moja.

Yahya aliondoa birika motoni.

— Huo ni uongo, — hatimaye alisema Waziri, lakini kwa upole. — Kumdanganya mtu mzima hivyo.

— Huo ni ujanja wa vita, — alisema Jenerali.

— Vita na nani? — nikauliza.

— Na maji.

— Na sasa? — alisema Yahya. Yahya haongei sana, lakini maswali yake huwa mafupi na yanafika. — Sasa anamwita nani?

— Anamwita Ooko. Yule kijana jina lake ni Komora, ametoka Mto Tana, hajui hata neno moja la kwetu. Lakini kila akimaliza kazi anapita shuleni kumwona. Anambebea maji ya kuoga, anakaa naye. Dani anaambia darasa zima, "Mjukuu wangu huyo." Na mimi napita mlango wa nyuma. Naweka uji, naondoka. Nikae niseme nini? Nikimwita Ooko mdomo unaniuma. Nikimwita Komora, Dani atajua. Na kuna kitu ingine. — Alishika ukingo wa beseni. — Amenyolewa vile wangu amenyolewa. Ile shingo. Juzi nilimkuta amelala amekaa, kichwa kwa ukuta, buti zimejaa matope. Nikatoa leso yangu nikamfunika. Nikasimama pale. Nikasimama mpaka nikajua nimeanza kuiba mtoto wa mtu.

Hakuna aliyemtazama. Kuna mambo ukimtazama mtu akiyasema unakuwa umemvua nguo.

— Sasa wanaenda kesho, — alisema. — Dani atabaki na Ooko gani?

Hapo ndipo kila mmoja alipojitahidi, na juhudi zetu zilikuwa za kusikitisha kuliko zile nyambizi. Waziri alisema aambiwe Ooko ameitwa tena mpakani kwa barua ya haraka, na kama inahitajika barua, yeye angali na mhuri wa zamani wa baraza. Mimi nilisema aambiwe ukweli, nikajutia kabla sijamaliza. Jenerali alikuwa akivuta mikono ya koti lake la ubawabu, koti la kijani lililokwisha rangi. Halafu akasema kitu ambacho bado nakisikia.

— Mimi naweza kwenda.

— Kwenda wapi?

— Shuleni. Kama haoni vizuri, anaona kivuli na nguo. Nguo niko nayo. Nitakuwa napita kila jioni nikitoka kazi. Siwezi kuongea sana, nitakaa tu.

— Jenerali, — alisema Waziri, — wewe una tumbo. Ooko hana tumbo.

— Nitavuta pumzi.

Hakuwa anatania. Alikuwa ametazama chini, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Nilielewa kwamba mtu huyu angevaa koti lile akae kando ya yule bibi kipofu miaka yote aliyobakiza, na angehesabu kwamba hatimaye ameandikishwa.

Seline alimgusa bega.

— Asante, baba.

Wakati huo kijana mmoja alikuwa amesimama karibu na jiko, fulana nyeupe, suruali ya jinzi, mfuko wa nailoni mkononi.

— Hamjambo wazee wangu. Kahawa yapatikana?

— Inapatikana, — alisema Yahya, akimtazama kwa furaha ya mtu aliyesikia lafudhi ya babu yake. — Kaa.

Kijana akakaa kwenye ncha ya benchi, mgongo wima. Jenerali, labda kwa kutaka kuficha aibu yake, akamgeukia.

— Kijana, umetupata kwa mambo ya usalama. Unajua jeshi wewe?

— Kidogo.

— Kidogo haitoshi. Mwanajeshi utamjua kwa kukaa. Hakai kama wewe, hivi. Anakaa tayari. Hata akinywa kahawa, jicho lake liko barabarani.

— Naam, — alisema kijana, na jicho lake likiwa barabarani.

Seline alikuwa ameinama akitafuta chumvi chini ya benchi. Aliinuka na pakiti mkononi, na pakiti ikaanguka.

— Komora.

Jenerali alisimama. Visigino vyake viligongana, nyayo bapa na zote, na mkono ukapanda mpaka kwenye paji la uso. Nilitaka kufumba macho nisione kijana akicheka. Lakini Komora aliweka kikombe chini, akanyanyuka, akajinyoosha, akamrudishia saluti kamili, taratibu, mpaka mwisho, kama mtu anayemsalimia mkubwa wake. Hapo kando ya mayai na viatu. Jenerali alishusha mkono baada yake.

— Twaondoka kesho alfajiri, — Komora alimwambia Seline. — Nimepewa ruhusa ya saa tatu tu. Bibi ndiye aliyenielekeza. Alisema niulize Kondele, kwa Yahya wa kahawa, mama wa mayai.

— Amekutuma? Anataka nini?

— Amenituma nikuambie uache kupita mlango wa nyuma.

Seline alikaa chini.

— Mama, Bibi ajua, — alisema Komora.

— Anajua nini?

— Kwamba mimi si yeye. Amejua tangu kule ndani ya nyumba. Kabla hajapanda mgongoni alinishika mkono huu, akahesabu vidole. Akaninong'oneza kwa Kiswahili chake, "Hiki kidogo kimerudi lini?" Aniambia mjukuu wake alikatwa na panga akiwa na miaka tisa, wakikata miwa.

— Kidole cha mwisho, — alisema Seline, akigusa chake. — Cha kushoto.

— Nikataka kumwambia ukweli pale pale. Akanifinya. Akasema, "Nyamaza. Mke wa mwanangu amekwisha kusema ndiyo mbele ya chifu. Sitamwaibisha. Na tena, mwache amwone mtoto wake kidogo."

Nilimwona Waziri akitoa leso na kupenga kamasi kwa nguvu isiyo ya lazima.

— Mwache nani? — aliuliza Seline, ingawa alikuwa amesikia.

— Wewe, Mama. Asema wewe humtaji kwa wiki nyingi, na kwamba mtu asiyetaja mwanawe ana njaa yake. Alidhani ukiniona nikipita pale utapoa. Lakini wewe ukapita nyuma.

— Mimi nilikuwa namdanganya yeye.

— Na yeye wewe.

Seline alicheka na kulia pamoja, kile kicheko kinachopanda na kuanguka. Yahya alimpa kahawa akaishika tu.

— Sasa kama alijua, — niliuliza mimi, maana jambo hilo lilikuwa limenikwama, — mbona alikubali kutoka? Alikataa chifu, alikataa kaunti, alikataa polisi.

Komora alifikiria kabla ya kujibu.

— Nilimuuliza hivyo hivyo. Aniambia, "Ulikuja umevaa nguo yake. Nikaona, mama yako alikuachilia ukaja mpaka kwa mlango wangu. Basi labda na wangu yuko kwa mlango wa mtu." Ndivyo alivyosema. Halafu akaniambia nisikunje mgongo, ataanguka.

Seline aliondoa kitambaa cha kiunoni, akakikunja, akakiweka juu ya mayai. Alichagua manne, akayatia kwenye karatasi na chumvi pembeni, mawili akampa Komora papo hapo, akamsimamia mpaka akala. Alimtazama akila. Safari hii hakujificha.

— Fundi, utaniangalizia beseni. Tunaenda kwa Dani, mlango wa mbele. — Kisha, bado akimtazama kijana: — Na mama yako anajua uko wapi?

— Ajua niko Kenya.

— Ulimpigia lini?

Komora aliacha kutafuna.

— Muda kidogo.

— Muda gani?

— Tangu kabla ya mafuriko. Kwetu pia mto hufurika, Mama. Akisikia sauti yangu ataanza kuuliza maswali. Kuna moja siliwezi. Akifika hapo huwa nasema mtandao unakatika.

Seline alibaki amesimama na yale mayai mawili mkononi.

— Ooko pia, — alisema. — Mtandao wake hukatika hapo hapo.

Halafu akanyoosha kiganja.

— Mpigie. Sasa hivi. Kisha unipe.

Kijana alisita, akatoa simu, akabonyeza. Akamkabidhi kabla haijaita mara ya pili, kama anayekabidhi kitu cha moto. Simu ilikuwa na sauti kubwa. Benchi lote lilisikia. Mlio mmoja, miwili, kisha sauti ya mwanamke kutoka mbali sana, nyuma yake mbuzi wakilia.

— Komora? Komora, ni wewe?

— Si yeye, mama, usishtuke, — alisema Seline haraka. — Mimi ni Seline, niko Kisumu. Na mimi ni mama ya mwanajeshi. Mtoto wako yuko hapa mbele yangu. Ni mzima. Amekula mayai mawili. Amenitolea mama mkwe wangu kwa maji, amembeba kwa mgongo wake. Nimesema nikupigie nikwambie asante.

Upande ule pumzi ndefu ikatoka, ya mtu aliyeweka mzigo chini kidogo.

— Mungu akubariki, dada. Mungu akurudishie wako. — Mbuzi wakalia tena. — Basi niambie wewe uliye naye hapo karibu. Yuarudi lini?

Seline alimtazama Komora. Komora alitazama barabara. Seline akamgeukia Jenerali aliyekuwa bado amesimama, akamgeukia Yahya, akanigeukia mimi, akamgeukia Waziri aliyejua kila jambo la serikali, na Waziri akatazama viatu vyake.

— Dada? — ilisema ile sauti. — Wanisikia?

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.